Acha na Achia

Jina la Siafu lilianzia darasa la tatu. Mwalimu wa hesabu alimtazama akijipindua kwenye dawati, mguu huu chini, mguu ule juu, akamwuliza, "Wewe, umekalia siafu?" Sauti ikajibu kutoka nyuma, "Siafu ndiye yeye mwenyewe, mwalimu." Darasa likacheka, jina likanata. Miaka ishirini na saba baadaye, katika ofisi ya ghorofa ya pili ambako watu hulipwa kwa kukaa kitako mbele ya kompyuta, jina lilikuwa bado linamfaa. Aliandika mistari mitatu, akaenda dirishani. Akarudi, akafuta miwili, akaenda kuchemsha chai ambayo angeisahau ipoe kama ile ya kwanza. Kwa kuwa hitilafu za programu huitwa wadudu, wenzake walisema kampuni imefanya la maana kuajiri mdudu akawatafute wadudu wenzake.

Programu aliyokabidhiwa ilikuwa ya kuchora nguo kabla hazijakatwa. Mafundi wa cherehani huitumia kupanga vipande: mgongo, kifua, mikono, kola. Ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya C na mtu mmoja, kwa miaka ishirini na miwili, kabla ya mtu huyo kustaafu. Ofisini walimwita Mzee Nukta, maana katika lugha hiyo kila sentensi hufungwa kwa nukta na mkato, na yeye alikuwa akipita nyuma ya vijana akinong'ona, "Nukta, mwanangu. Umesahau nukta." Kila amri katika programu yake aliipa jina la Kiswahili.

Amri zilizokuwa moyo wa programu zilikuwa mbili, shika na acha. Kila kipande cha nguo kikiingia kwenye kumbukumbu ya kompyuta hupewa hesabu ya wanaokishika. Sehemu ya programu inayokihitaji husema shika, hesabu ikapanda. Ikimaliza husema acha, hesabu ikashuka. Hesabu ikifika sifuri, kipande hutolewa na nafasi yake hupewa kingine. Ni kama taa ya korido, anayetoka wa mwisho ndiye huzima.

Mzee Nukta alimkabidhi Siafu kazi kwa siku tatu. Siku ya kwanza alieleza taratibu, akinywa maji kwa mafundo madogo. Siku ya pili Siafu alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Siku ya tatu mzee alisema, "Kuna jambo moja kuhusu kuacha, nataka ulielewe vizuri," na Siafu, ambaye nyayo zake zilikuwa zinawasha, akajibu, "Usijali mzee, nitasoma mwenyewe." Mzee akamtazama kidogo, akafunga begi lake.

Basi akasoma mwenyewe. Aliikuta programu kama nyumba iliyoongezwa vyumba mwaka hadi mwaka bila kubomoa ukuta hata mmoja. Ushikaji wa vipande ulikuwa umetapakaa kwenye mafaili sitini. Akapewa kazi ya kuukusanya mahali pamoja, na Siafu akaifanya kwa furaha ile ya mtu anayefagia uvunguni. Alikuta acha mara mia mbili na kumi na mbili. Alikuta pia amri nyingine, achia, mara arobaini na moja. Akaifungua. Ndani yake hamkuwa na kitu ila mstari mmoja unaoandika jina la mpokeaji. Hesabu haikushushwa. "Aa," alisema Siafu, akiruka kutoka kitini. "Mzee kidole kimeteleza kwenye i, halafu akasahau kushusha hesabu. Ndiyo maana programu inakula kumbukumbu kama mchwa!" Juu ya amri hiyo mzee alikuwa ameandika maneno mawili matatu ya kishairi. Siafu aliyasoma, akatabasamu, akayafuta, maana mashairi si maelezo. Kisha akageuza kila achia kuwa acha, zote arobaini na moja, kwa pigo moja. Akaijaribu kwa michoro midogo aliyoichora mwenyewe. Ikafanya kazi. Ikapelekwa kwa wateja.

Hiyo ilikuwa wiki sita kabla ya Alhamisi ile.

*

Alhamisi asubuhi Siafu alikuwa bafuni, mswaki mdomoni, kiatu kimoja mguuni. Dada yake, muuguzi wa wodi ya wazazi, alikuwa akifunga mkoba. Marehemu mama yao aliwaachia nyumba ya vyumba viwili na ufunguo mmoja. Kila mwezi walisema watachonga wa pili, na kila mwezi ulikwisha hawajachonga.

"Leo natoka saa tano," alisema dada. "Niachie ufunguo kwa jirani."

"Mmh."

"Mmh ni nini? Sema, dada nitakuachia ufunguo kwa jirani."

"Dada, niache basi! Nimesikia!"

"Nikuache wakati hujaniachia?" Dada akacheka kwa utani wake mwenyewe, akatoka.

Simu ya Siafu ikalia kabla hajatema povu. Ilikuwa sauti anayoijua, ya mkata nguo mkuu wa karakana ya ushonaji ng'ambo ya soko, mwanamke wa miaka sitini na tatu ambaye kila mtu alimwita Mama Mkasi.

"Mwanangu, za asubuhi. Nisikilize bila kuruka ruka. Nina koti hapa kwenye kompyuta. Lina kola mbili na halina mkono wa kushoto."

"Kola mbili?"

"Umenichorea koti la jini mwenye shingo mbili. Sasa jini mwenyewe simjui. Ninayemjua ni mdogo wangu, na koti ni lake."

Karakana ya Mama Mkasi ilishona nguo za watu ambao maduka hayawajui: aliyepinda mgongo, aliyezaliwa na mkono mmoja mfupi, aliyeungua akabaki na shingo iliyokazana. Mdogo wake Mama Mkasi alizaliwa na bega la kushoto lililoanguka, na tangu akiwa na miaka kumi na sita dada huyu amekuwa akimshonea. Sasa mikono ya Mama Mkasi ilikuwa imeanza kutetemeka. Kesho, Ijumaa, ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Kwa wiki sita alikuwa akichora koti moja, koti mama, ambalo wengine wangelikuza na kulipunguza kumtosha yeyote mwenye bega kama lile. Alitaka kulikabidhi kesho. Mkono wa kushoto peke yake ulimchukua siku kumi na moja, kwa vidole visivyotulia.

"Mama, umeifunga programu?"

"Mimi programu siifungi kama nisivyofunga jiko. Iko wazi tangu Jumanne."

"Usiguse kitu. Usiguse hata kipanya. Nakuja!"

Alivaa kiatu cha pili ngazini.

*

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye cherehani tisa na meza moja kubwa ya kukatia, nyeupe kwa chaki. Kompyuta ilikaa kwenye kona, na chini yake kisanduku cha betri cha kuilinda umeme ukikatika. Mbele ya kompyuta alisimama fundi mmoja mrefu, mikono ameikunja kifuani kama askari wa getini. Huyu ndiye angeirithi meza ya kukatia. Walimwita Bwana Pindo kwa sababu hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake pindo likiwa limekwenda upande.

"Nimelinda," alisema. "Hata inzi nimemfukuza."

"Asante, Bwana Pindo."

"Usinishukuru. Mimi nangoja kesho nikabidhiwe koti. Sasa nikabidhiwe nini, shingo?"

Siafu alikaa, akasimama, akakaa. Kwenye skrini koti lilikuwa limetandazwa: mgongo, vifua viwili, mkono wa kulia, kola. Mahali pa mkono wa kushoto palikuwa na kola nyingine, ndogo, imekaa kwa utulivu kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba.

"Mama, nieleze ulichofanya. Hatua kwa hatua."

Mama Mkasi alivuta kigoda. "Mikono huwa naichorea kwenye meza yake. Vifua meza yake. Kila kitu kikishaiva nakihamishia meza ya koti. Ndivyo nilivyozoea hata kwenye meza ya mbao. Leo asubuhi nimehamisha mkono wa kushoto. Umehama vizuri, nimeuona kwa macho yangu. Halafu nikaanza kuchora kola ya ndani. Nilipoinua macho, mkono haupo."

"Na ukahifadhi?"

"Inajihifadhi yenyewe kila dakika kumi. Si ninyi mlioitengeneza?"

Basi faili nalo lilikuwa limeshahifadhi koti la jini. Nakala ya akiba ilichukuliwa mwanzo wa mwezi, kabla mkono wa kushoto haujaanzwa. Siafu alifungua kompyuta yake ya mkononi, akaiunganisha na ile ya karakana, akaisimamisha programu mahali ilipo, isipumue wala isihifadhi, kwa kutumia programu nyingine iliyotengenezwa kwa kuchungulia programu. Akaanza kufuatilia hesabu za washikaji.

Saa nzima ikapita. Goti lake lilicheza chini ya meza mpaka pini zikarukaruka kwenye kikopo.

"Mwanangu, hilo goti," alisema Mama Mkasi, "lina cherehani ndani?"

"Samahani, mama."

"Lisimamishe basi, au lipe kitambaa lishone."

Mafundi wakacheka. Siafu alicheka nao nusu, kisha akaenda nje kumpigia Mzee Nukta. Alisema shikamoo, akaitikiwa, na bila kumeza mate akasema, "Mzee, programu yako imeangusha mchoro wa mteja."

"Programu yangu?" Kwa nyuma kulisikika maji yakimwagika kwenye ndoo. "Mimi nimestaafu, binti. Si yangu tena. Nilikuachia."

"Lakini ni sehemu ya zamani, ya kushika vipande..."

"Ya zamani uliikuta inaanguka?"

Siafu alihamishia simu sikio la pili.

"Basi angalia ulichogusa," alisema mzee, bila ukali. "Ukikwama zaidi, nipigie. Namwagilia maji hapa, ila simu nitaiweka mfukoni."

Alirudi ndani akiwa na hasira, na hasira haikuwa na pa kukaa. Aliangalia alichogusa. Alikuwa amegusa kila kitu. Kipande kinachohama kutoka meza moja kwenda nyingine kilikuwa kinafika na hesabu ya sifuri. Hilo aliliona wazi sasa. Kimetolewa kwenye kumbukumbu, ila meza ya koti ilikuwa bado inakinyooshea kidole. Kwa muda kidogo kilionekana kipo, kama nyumba iliyohamwa ambayo mapazia bado yananing'inia. Mama Mkasi alipoanza kola mpya, programu iliona nafasi tupu, ikaipanga kola humo. Vipande vingine vilipona kwa kuwa vilihamishwa kabla ya Jumanne, vikasomwa upya programu ilipofunguliwa. Haya yote aliyaona. Asichokiona ni kwa nini hesabu ishuke hadi sifuri wakati kipande hakijaachwa na mtu.

Saa sita kasoro umeme ukakatika. Cherehani tisa zilinyamaza kwa pamoja, pasi zikaanza kupoa zikitoa mlio mdogo, na kisanduku chini ya kompyuta kikalia: tii. Kimya. Tii.

"Hicho kinadumu muda gani?" aliuliza Siafu.

"Kilipokuwa kipya, dakika arobaini," alisema Bwana Pindo. "Sasa hivi, kinategemea kimeamkaje."

Ndipo simu ya Siafu ikalia. Ilikuwa dada. Hakusalimu.

"Wewe mtoto wa mama yangu. Wewe. Jirani ananiambia hana ufunguo."

"Dada, siko kwenye hali ya..."

"Nimekwenda mlangoni. Unajua nimeukuta wapi? Kwenye kitasa! Unaning'inia nje, tangu asubuhi! Nilisema uniachie ufunguo. Sikusema uuache!"

"Dada..."

"Kuacha ni kuacha, ndiyo huko kutupa. Kuniachia ni uniwekee kwa mtu, mkono kwa mkono, usitoke mkononi mwa mtu hata dakika moja! Hivi Kiswahili nacho nikufundishe?"

Siafu alikuwa amesimama katikati ya karakana. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuna sehemu ya mwili wake iliyocheza.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Ulivyosema. Mkono kwa mkono."

"Umelewa? Saa sita mchana?"

Lakini Siafu alikuwa ameshaona. Arobaini na moja zile. Mzee hakuteleza kidole. Acha ni ya anayemaliza: shusha hesabu, nimetosheka. Achia ni ya anayempa mwingine: hesabu isishuke, maana mshikaji hajapungua, amebadilika tu. Kipande kikihama meza, meza ya kwanza haikiachi. Inaiachia meza ya pili. Ule mstari mmoja alioudharau ulikuwa ndio kazi yenyewe, na kutoshusha hesabu hakukuwa kusahau. Kukosea huku kungemshinda mgeni asiyejua lugha; kulimhitaji mtu aliyezaliwa ndani yake, asemaye niache na niachie kila siku kabla ya kupiga mswaki.

"Dada," alisema taratibu, "kuna kilichoibiwa?"

"Bahati yako! Nimekagua chumba kwa chumba. Mlango ulikuwa kama umemwambia kila mpita njia 'karibu', lakini hakuna aliyepita. Kila kitu kiko palepale."

"Kila kitu kiko palepale," Siafu alirudia, na safari hii alipiga kelele. "Dada nakupenda, kwaheri!"

Tii, kikasema kisanduku. Tii. Tii.

Alirukia kiti. Kipande kinachotolewa kwenye kumbukumbu hakifagiliwi. Kinafutwa jina mlangoni tu, na chumba hubaki na vitu vyake mpaka mpangaji mwingine aingie. Kola mpya ilichukua chumba kidogo cha mkono wa kushoto, kile chenye jina na rangi. Lakini pointi za mchoro, zile nukta zinazounganishwa kuwa mstari wa kukatia, Mzee Nukta alizipa chumba chao pembeni, kirefu. Kola ilikuwa changa, haikuwa na pointi nyingi. Huenda hakuna aliyeingia kile kirefu.

"Bwana Pindo, kompyuta yangu imejaa. Kuna diski ndogo yoyote? Ya kuchomeka?"

"Iko hii ya nyimbo zangu."

"Futa nyimbo."

"Nyimbo zangu zote?"

"Mpe," alisema Mama Mkasi. "Utaimba mwenyewe."

Siafu aliichomeka. Aliamuru kumbukumbu yote ya programu iliyosimama imwagwe kwenye ile diski, kama ilivyo, bila kuchagua. Mstari wa kijani ulianza kutambaa kwenye skrini. Asilimia nane. Kumi na tisa. Kisanduku kilikuwa sasa kinalia bila kupumzika, tititi, kama kifaranga aliyekosa mama. Bwana Pindo alipiga magoti akakishika kwa mikono miwili, akizungumza nacho chini chini, "Vumilia baba, vumilia kidogo." Asilimia sitini. Siafu aliuma kamba ya kitambulisho chake. Sabini na nne. Mama Mkasi alikuwa ameweka kiganja chake juu ya meza, na kiganja kilitetemeka, na chaki iliyokuwa chini yake ilichora kijistari kisicho na maana. Tisini na moja. Mia.

Alichomoa diski. Hakuna aliyehesabu sekunde, lakini skrini ilizimika kabla Bwana Pindo hajasimama.

*

Walihamia kwenye meza ya kukatia, kompyuta ya mkononi katikati, mafundi wamezunguka. Katika bahari ile ya namba Siafu alihitaji namba moja ya kuanzia.

"Mama, nipe kipimo kimoja cha mkono wa kushoto. Kimoja tu, ambacho hakipo kwenye mkono mwingine wowote."

Mama Mkasi hakufikiri. "Kwapa hadi kiwiko, sentimita thelathini na moja na robo tatu. Kwa mtu wa urefu wake ingekuwa thelathini na tatu. Bega limeuvuta."

"Una karatasi ulikoandika?"

"Karatasi yangu ni yeye. Nimempima tangu suruali za shule."

Siafu aliitafuta thelathini na moja na robo tatu. Ilitokea mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa takataka, kitu kingine kabisa kilichofanana kwa bahati. Ya pili ilikuwa na namba nyingine mbele yake, na nyingine, jozi kwa jozi, upana na urefu, zikienda kwa mpangilio. Alizihesabu kwa kidole kwenye skrini huku midomo ikicheza. Sitini na tatu. Akaziunganisha kwa mstari, na mbele ya macho ya karakana nzima ukatokea mkono: mwembamba kwenye kifundo, umejaa kwenye kiwiko, umeinama kuelekea bega kama mtu anayesikiliza kitu mbali.

Mama Mkasi alijifunika mdomo.

"Ni wenyewe?" aliuliza Bwana Pindo.

"Ni wenyewe," alisema Mama Mkasi. "Lakini haujafunga. Pale juu."

Ilikuwa kweli. Mkono ulikuwa na pointi sitini na nne, na ya kwanza haikuwapo. Kompyuta ikitoa chumba huandika alama zake mlangoni, na alama hizo zilikuwa zimeangukia juu ya pointi ya kwanza kabisa, ile ya kilele cha bega. Palikuwa na uwazi mdogo, upana wa ukucha.

"Hiyo siwezi kuirudisha," alisema Siafu. "Mama, mimi ndiye niliyefanya hivi. Si mzee, si kompyuta. Kulikuwa na maneno mawili kwenye programu, nikadhani ni moja."

Mama Mkasi alimtazama, kisha akatazama ule uwazi. "Maneno gani?"

"Acha na achia."

Kicheko kidogo kilimtoka Bwana Pindo, akakizuia alipoona macho ya Siafu.

"Basi nipe hicho kipanya," alisema Mama Mkasi.

Kwanza ilibidi programu iponywe, vinginevyo ingemeza tena. Siafu alivuta nakala ya zamani ya msimbo, ile ya kabla hajaifagia, akaitoa amri ya achia ilivyokuwa. Juu yake yalikuwa yamekaa yale maneno aliyoyafuta:

Acha ukishatosheka,
achia ukipokewa.

Aliyarudisha nayo. Arobaini na moja alizibadilisha moja moja kwa mkono, akisoma kila mahali ni nani anampa nani, na kazi hiyo ilimchukua saa mbili. Alisimama mara sita tu. Mama Mkasi alihesabu. Umeme ulirudi katikati ya kazi, cherehani zikaanza kunguruma tena, na hakuna aliyemwambia kitu kuhusu goti.

Alipomaliza, alihamisha mkono kutoka meza yake kwenda meza ya koti. Ukahama. Akachora kola mpya makusudi, tatu, nne. Mkono ukabaki. Akamsogezea Mama Mkasi kiti.

Mkono wa mama huyo ukakifunika kipanya. Mshale kwenye skrini ulitetemeka kama nzi kwenye kioo. Alijaribu mara ya kwanza, pointi ikaangukia ndani ya kifua. Akaifuta. Mara ya pili ikaruka nje ya meza. Bwana Pindo aligeuza uso, akajifanya anatafuta mkasi. Mara ya tatu Mama Mkasi alifumba macho. Mkono wake wa kushoto ulipanda begani kwake mwenyewe na kulishika, kama anayelipima, na wa kulia ukabonyeza.

Mstari ulijifunga. Mkono ukashikana na bega.

Siafu aliinama karibu na skrini. Pointi ilikuwa nje ya mviringo, chini kidogo, kama nusu sentimita, kuliko pale ambapo jicho lingetarajia. Programu yenyewe ilikuwa imeshaiona, na alama ndogo ya njano ilijitokeza pembeni, ikijitolea kuinyoosha. Kidole cha Siafu kilikwenda chenyewe kuibonyeza.

"Mama, hapa pamepinda. Ni mkono uliotetemeka, au ndivyo ulivyotaka?"

"Mwenye bega atatuambia akilivaa," alisema Mama Mkasi. "Iache."

Kidole cha Siafu kilisimama hewani, kikiwasha. Kilitaka kunyoosha. Kilitaka kufagia. Alikikunja ndani ya ngumi, akaiweka ngumi mapajani.

Akaiacha.

Walihifadhi nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski iliyokuwa ya nyimbo, na moja Bwana Pindo aliichapisha kwenye karatasi kubwa, akaitandika juu ya meza ya kukatia na kuibana kwa pasi mbili baridi. Mama Mkasi alichukua mkasi wake, ule wenye mpini uliofungwa kitambaa, akaushika kwa ubapa na kumnyooshea. Bwana Pindo alinyoosha mikono yote miwili. Mama Mkasi hakuuachia mpaka alipohisi fundi ameupokea.

Siafu alikuwa tayari ngazini, simu sikioni, akiruka vidato viwili viwili.

"Shikamoo mzee. Hapana, haijaanguka tena. Nisikilize. Siku ile ya tatu, ulitaka kuniambia kitu kuhusu kuacha. Sasa nina nafasi... Ndiyo, nimetulia. Hapana, nasema kweli, nimesimama kabisa."

Akasimama, ili isiwe uongo, mguu mmoja ukiwa bado hewani.